Mbung'o wa Kidodi Hayumo Kwenye Orodha

Msomaji, zile orodha unazijua. Vita kumi kubwa za Afrika. Silaha tano zilizobadilisha historia. Majemadari ambao hawakuwahi kushindwa. Zinasambazwa kwenye simu, zinasomwa upesi, na mara nyingi hata tarehe zake ziko sawa. Kwa upande wetu wa dunia orodha hizo huwa na majina yaleyale: Tanga 1914, meli ya Königsberg, Mahiwa 1917, na juu ya yote Paul von Lettow-Vorbeck, yule Mjerumani ambaye eti "hakushindwa."

Kidodi hutaikuta humo. Ukitoka Mikumi kwenda Ifakara, unaipita Kidodi barabarani. Milima ya Vidunda iko upande mmoja, mashamba ya miwa yako mbele, na Ruaha Mkuu unatoka milimani kuja kwenye tambarare. Hakuna mnara mkubwa wala mzinga uliowekwa juu ya saruji. Hata hivyo, Septemba 1916 jeshi la Waingereza na Waafrika Kusini lilifika hapa likiwafukuza Wajerumani, na hapa mbio zake zikaisha nguvu. Hakikupiganwa kitu ambacho mtunga orodha angeweza kukiita "Vita Kuu ya Kidodi." Kilichotokea ni kwamba jeshi lilichoka, likaugua, likakosa chakula na kusimama.

Hoja yangu ni kwamba kama unataka kuielewa Vita ya Kwanza ya Dunia katika nchi hii, Kidodi inakufundisha mengi kuliko Tanga. Na orodha zinazoiacha Kidodi zinakosea zaidi ya kusahau kijiji kimoja, kwa sababu zinatueleza visivyo ni nini huua watu vitani.

Jinsi jeshi lilivyofika hapa

Tuanze na mambo yaliyo wazi. Mwaka 1916 Jenerali Jan Smuts alikuwa mkuu wa majeshi ya Uingereza Afrika Mashariki. Mpango wake ulikuwa kumzunguka Lettow-Vorbeck na kumbana. Mkono mmoja wa jeshi ulishuka kutoka Kilimanjaro hadi Morogoro, ulioingiwa tarehe 26 Agosti. Mkono mwingine, chini ya Jaap van Deventer, ulitoka Kondoa Irangi, ukachukua Dodoma mwishoni mwa Julai, Mpwapwa katikati ya Agosti, na Kilosa tarehe 22 Agosti. Kutoka Kilosa van Deventer aligeuka kusini, akapita Ulaya na kufika Kidodi. Mbele yake Wajerumani walikuwa wakirudi nyuma taratibu kuelekea Mahenge.

Ukiiangalia kwenye ramani yenye mishale myekundu, kazi hii inapendeza kweli. Miji mitatu ndani ya mwezi mmoja! Mwandishi wa orodha angeiita "mwendo wa radi." Lakini mishale haili ugali wala haiharishi.

Van Deventer aliondoka kusini na wapanda farasi wengi. Farasi ndiye aliyekuwa silaha yao kuu: wawapite Wajerumani pembeni, wawatangulie, wawazibie njia. Ila huku kwetu farasi alikutana na mbung'o.

Silaha isiyo na chuma

Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, ni nzi anayekunywa damu, dume na jike. Akimng'ata mnyama mwenye vimelea vya tripanosoma anavibeba, na baadaye anampa mnyama mwingine. Nyati, kongoni na ngiri huishi na vimelea hivyo bila taabu kubwa, kwa sababu wamezoeana navyo kwa vizazi na vizazi. Farasi hana kinga hiyo. Anapata homa, anakonda, miguu inavimba, na ndani ya wiki chache anaanguka.

Jambo hili halikuwa siri mwaka 1916. David Bruce alikuwa ameshaonyesha uhusiano wa mbung'o na ugonjwa huo huko Zululand tangu mwaka 1895, yaani miaka 21 kabla, na tena kwenye nchi jirani kabisa na walikotoka wanajeshi wa Smuts. Wafugaji wa hapa walijua zamani zaidi ya hapo: kuna mabonde ambayo ng'ombe hapitishwi, au anapitishwa usiku.

Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba "mbung'o alimshinda Smuts," usiikubali haraka. Sisi watu wa sayansi tunaipenda sentensi hiyo, maana inampa mdudu wetu cheo. Lakini mdudu hakutoa amri. Aliyeamua kuwapeleka farasi kwa maelfu kwenye nchi ya mbung'o ni mtu, na walipokufa aliyeamua kuleta wengine ni mtu pia. Mazingira yaliweka gharama, na jenerali akakubali kuilipa kwa mali na miili ya wengine. Makala ya sayansi inayoishia kwa mdudu ina kasoro ileile ya makala ya historia inayoishia kwa jemadari: zote mbili zinatafuta shujaa mmoja.

Kuna swali jingine: kwa nini mbung'o walikuwa wengi kiasi hicho? Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu ikolojia na uchumi wa Afrika Mashariki, alidai kwamba zamani watu wa nchi hii waliweza kumzuia mbung'o kwa kulima, kufyeka, kuchoma pori na kufuga. Kisha likaja tauni la ng'ombe miaka ya 1890, halafu vita vya ukoloni, halafu njaa ya baada ya Maji Maji. Watu walipopungua, pori lilirudi, wanyama wakarudi, na mbung'o naye akarudi. Wapo wanaosema Kjekshus aliipamba mno hali ya kabla ya ukoloni, na hoja yao ina uzito. Lakini mwelekeo wa hoja yake unatusaidia, kwani unatuonyesha kwamba pori lililowaua farasi mwaka 1916 lilikuwa pia na historia ya vita ndani yake. Maji Maji ilifika mpaka Uvidunda, milima hii hii ya Kidodi. Orodha huiweka Maji Maji kwenye ukurasa wake na vita ya 1914 kwenye ukurasa mwingine, kana kwamba ardhi husahau.

Hesabu ya mpagazi

Farasi wamekufa. Reli ya Kati ipo, lakini Wajerumani wamebomoa madaraja walipokuwa wakirudi nyuma. Barabara ya gari hakuna. Amebaki nani? Amebaki mtu na kichwa chake.

Hebu tupige hesabu ndogo. Kalamu na karatasi vinatosha. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 na anakula kilo moja ya unga kwa siku. Kutoka Kilosa hadi Kidodi, kwa njia za wakati ule, tuweke siku tano za kutembea. Anakwenda siku tano na kurudi siku tano, kwa hiyo anakula kilo 10 kutoka kwenye mzigo wake mwenyewe. Zinazofika kwa askari ni kilo 15.

Sasa tuseme mbele kuna askari 5,000, kila mmoja anakula kilo moja kwa siku. Wanahitaji kilo 5,000, yaani wapagazi kama 334 wafike kila siku. Na kwa kuwa kila mpagazi yuko njiani siku 10, unahitaji wapagazi wapatao 3,300 kwa ajili ya chakula tu. Risasi, dawa, mahema na wagonjwa hatujavigusa.

Haya, isogeze safu ya mbele. Umbali uwe mara mbili, siku 10 kwenda na siku 10 kurudi. Mpagazi anakula kilo 20 na kufikisha 5. Sasa unahitaji wapagazi 1,000 wafike kila siku, na kila mmoja yuko njiani siku 20. Jumla ni 20,000.

Umeona? Umbali umeongezeka mara mbili, wapagazi wameongezeka mara sita. Ukisogea mpaka siku 12 na nusu, mpagazi anakula mzigo wote na kufika mikono mitupu. Hapo hakuna jenerali hodari wala bunduki mpya itakayokuokoa. Jeshi lina njia tatu tu: lisimame, lijenge barabara, au lichukue chakula cha wenyeji. Kidodi ilikuwa karibu na ukingo huo, na jeshi likasimama. Lakini mara nyingi, pande zote mbili, ilichaguliwa njia ya tatu.

Hesabu hii ningependa iwe kwenye kila kitabu cha historia cha sekondari. Ni rahisi kuliko tarehe za kukariri, na ukishaifanya mara moja huwezi tena kuitazama ramani yenye mishale bila kuuliza: nani alibeba?

Kitabu chenyewe ni bora kuliko wanaokinukuu

Sasa tuje kwa mzee mwenyewe. Lettow-Vorbeck alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1920, kwa Kijerumani, na mwaka huohuo zikatoka kwa Kiingereza. Orodha nyingi za "jemadari asiyeshindwa" zinatokana na kitabu hicho, moja kwa moja au kwa kunukuliwa mara kumi.

Nitakuwa mwadilifu: ni kitabu kizuri kuliko sifa zake. Ukikisoma ukiwa na jicho la sayansi, unagundua kwamba mwandishi anajua vizuri sana vita vinategemea nini. Anaeleza habari za kutengeneza kwinini kutokana na magome ya miti iliyokuzwa Usambara, na ile dawa ya maji, chungu kupita kiasi, ambayo askari waliibatiza jina Lettow-Schnaps. Anaeleza viatu vya ngozi za wanyama wa porini, mafuta ya kiboko, mkate usio na ngano, nguo zilizosokotwa nchini baada ya manowari za Uingereza kuziba pwani. Taasisi ya Amani, kule Usambara, iligeuka karakana ya taifa zima. Huyu ni mtu aliyeelewa kwamba kidonge kina thamani kuliko risasi.

Lakini orodha zinachukua nini humo? Zinachukua Tanga na nyuki wake, na mizinga kumi ya Königsberg iliyovuliwa kutoka kwenye meli baada ya kuzamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915 na kuburutwa nchi nzima. Sawa, mizinga ile ni hadithi nzuri. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, unaweza kwenda kuugusa. Ila jiulize: uliburutwa na nani? Mzinga wa milimita 105 hautembei wenyewe. Walioufunga kamba na kuuvuta kwenye matope ni mamia ya watu. Makumbusho wametunza chuma, jina la hata mmoja wa wavutaji halipo.

Na hapa ndipo lawama yangu kwa kitabu chenyewe ilipo. Lettow-Vorbeck anawasifu askari wake, tena kwa moyo. Wapagazi anawataja kama unavyotaja hali ya hewa: walikuwepo, walipungua, walitoroka, wakapatikana wengine. "Wakapatikana." Walipatikanaje? Kijiji kilizingirwa, vijana wakakamatwa, wakafungwa kamba. Waingereza nao walifanya vivyo hivyo. Kitabu kinachopima kwa makini magome ya kwinini kinashindwa kuhesabu watu. Nadhani hakikushindwa kwa kukosa takwimu. Mwandishi hakuona haja.

Waliokufa walikufa kwa nini

Chukua kikosi kimoja, cha 9 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini. Kilifika Februari 1916 kikiwa na watu 1,135. Oktoba waliobaki wazima wa kusimama kazini walikuwa 116, na hakikuwa kimepigana vita vikubwa. Malaria na kuhara damu vilitosha. Kati ya Oktoba na Desemba mwaka huo Smuts aliwaondoa nchini wanajeshi wagonjwa kati ya 12,000 na 15,000, wengi wao wazungu wa Afrika Kusini. Nafasi zao zilichukuliwa na King's African Rifles na vikosi kutoka Nigeria na Gold Coast. Januari 1917 Smuts aliondoka akiacha picha kwamba kazi imekwisha. Ikaendelea karibu miaka miwili zaidi.

Sababu iliyotolewa ya kuwaleta Waafrika ni kwamba wao "wanahimili" nchi hii. Kuna ukweli nusu hapo, na ukweli nusu huua. Mtu aliyekulia bonde lenye malaria hupata kinga fulani akiwa mtoto. Lakini mtu wa nyanda za juu za Kenya, akiletwa Ruaha au Rufiji, hana kinga hiyo kama asivyokuwa nayo kijana wa Pretoria. Ongeza unga mbaya usioiva, chakula ambacho tumbo halijakizoea, blanketi moja kwenye mvua, na mzigo kichwani. Wapagazi walikufa kwa kuhara damu, kichomi na malaria. Mpagazi hakuwa na kitanda cha hospitali kama cha mzungu, na mara nyingi hakuwa na kwinini.

Kwa upande wa Waingereza peke yao, wapagazi waliohesabiwa kufa ni zaidi ya 95,000. Kwa upande wa Wajerumani hesabu kamili haipo. Na hao ni wapagazi tu. Kule Ugogo, jirani na Kilosa, majeshi yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kulima, na njaa iliyofuata watu wakaiita Mtunya. Hakuna orodha ya "vita kumi kubwa" iliyowahi kuiweka Mtunya, ingawa iliua watu wengi kuliko Tanga ilivyoua.

Sasa linganisha na mtu mmoja. Frederick Selous, mwindaji maarufu, alipigwa risasi Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 akiwa na miaka 65. Jina lake lilipewa pori la akiba kubwa kupita nchi kadhaa. Simdharau; alikufa vitani akiwa mzee, si haba. Lakini mtu mmoja amepata pori zima, na watu 95,000 wamepata neno moja: Kariakoo, kutoka Carrier Corps. Na hata hilo, wengi wanaopanda daladala kwenda Kariakoo hawajui kwamba wanataja kikosi cha wapagazi.

"Hakushindwa" maana yake nini?

Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Ni kweli kwamba hakutekwa. Lakini Mahenge ilikuwa imeangukia Wabelgiji na askari wao wa Kongo tarehe 9 Oktoba 1917. Theodor Tafel, kamanda wake wa upande huo, alijisalimisha mwishoni mwa Novemba mwaka huohuo akiwa na njaa. Koloni lote lilikuwa limepotea. Kilichobaki ni msafara unaotembea ukila mashamba ya watu, na hata siku ya kusalimu amri wapagazi ndani yake walikuwa wengi kuliko askari.

Kama kushindwa ni kukamatwa, basi hakushindwa. Kama kushindwa ni kupoteza nchi uliyoapa kuilinda na kuiacha na njaa, tuna neno gani jingine? Neno "hakushindwa" linapima vita kwa mwili wa mtu mmoja. Kipimo hicho hakifai, na mtafiti yeyote anajua kwamba kipimo kibovu hakitengenezwi kwa kukirudia mara nyingi.

Usidhani hili ni jambo la zamani tu. Vita vya Kongo vilivyoanza mwaka 1998 viliua watu wengi zaidi kwa malaria, kuhara, kichomi na utapiamlo kuliko kwa risasi. Ukweli huo ulipotolewa na watafiti wa afya, wengi walishtuka. Wasingeshtuka kama historia yetu ya 1914 hadi 1918 ingekuwa imeandikwa vizuri, kwa sababu mambo ni yaleyale: watu wanahama, mashamba yanaachwa, dawa hazifiki, watoto na wabebaji wanakufa wa kwanza. Anayejifunza vita kwa orodha za bunduki atatazama bunduki, na vifo vingi vitapita nyuma yake.

Siombi orodha zifutwe. Watoto wengi wanaingia kwenye historia kupitia mizinga na meli, na si vibaya. Ninachoomba ni maswali matatu kila unaposoma habari ya vita, iwe ya Tanga, Adwa au Isandlwana. Walikula nini, na kilitoka shamba la nani? Nani alibeba, na alilipwa? Waliokufa bila kupigwa risasi ni wangapi, na nani aliwahesabu? Makala isiyoweza kujibu hata moja kati ya hayo ichukulie kama tangazo la silaha.

Na ukipita Kidodi, angalia ule mto na milima ile, kisha kumbuka ile hesabu: kilo 25, siku tano kwenda, siku tano kurudi, zimefika 15. Kwa hapa, hiyo ndiyo takwimu ya kivita inayostahili kukumbukwa.